Doha: Anzia Mlango Usio na Kiingilio

Abiria wengi kutoka kwetu huijua Doha kwa viti vya uwanja wa ndege tu. Qatar Airways huwachukua Dar es Salaam, Zanzibar, Kilimanjaro, Nairobi, Entebbe na Kigali, huwashusha Uwanja wa Hamad, kisha huwagawa: huyu London, yule Guangzhou, mwingine Jeddah kwa umra, mwingine Chicago kwa mwanawe. Kati ya ndege moja na nyingine mtu aweza kungoja saa tatu au kutwa nzima. Hujinyoosha kwenye viti, hupiga picha na ile sanamu kubwa ya dubu wa manjano ya msanii Urs Fischer, hununua chokoleti za kupeleka nyumbani, na huondoka. Nje ya vioo vile kuna mji uliohifadhi habari za watu waliotoka pwani yetu, tena kwa uwazi ambao baadhi ya miji ya kwetu haijaufikia. Makala haya ni kwa ajili ya abiria huyo, na zaidi kwa ajili ya ndugu zetu wanaoishi huko kwa kazi.

Kutoka nje ya uwanja kunahitaji viza. Raia wa Tanzania, Kenya na Uganda huiomba kupitia mfumo wa Hayya, ule ule uliotumika kwa mashabiki wa Kombe la Dunia la 2022, na ni vyema kuiomba kabla ya kufunga sanduku. Ukishatoka, usafiri hausumbui. Metro ya Doha ilifunguliwa Mei 2019. Ina njia tatu, Nyekundu, Kijani na Dhahabu, na zote hukutana kituo cha Msheireb, katikati ya mji. Safari moja ni riyali 2, na kwa riyali 6 unapanda na kushuka kutwa. Anayetumia kadi ya mwendokasi Dar es Salaam hahitaji kufundishwa: unagusa, lango linafunguka, unapita.

Na aliyeifahamisha dunia nzima habari za metro hiyo ni kijana wa Kenya. Abubakr Abbass alikuwa na miaka 23 wakati wa Kombe la Dunia. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti kirefu karibu na Souq Waqif, mkononi ameshika kidole kikubwa cha sponji na kipaza sauti, akiwaelekeza mashabiki kituo kilipo. Maneno yake machache aliyoyarudiarudia yakageuka wimbo. Mashabiki wakamuitikia, video zikasambaa, na tarehe 25 Novemba 2022 akaalikwa Uwanja wa Al Bayt kwenye mechi ya Uingereza na Marekani, akawasalimu watazamaji. Sitaki kulipita jambo hili haraka. Mamilioni ya watu waliifahamu Doha kupitia sauti ya Mswahili, na wageni walioelekezwa njia siku zile wengi wao waliipata kwa Waafrika Mashariki waliosimama vituoni, milangoni na hotelini.

Sasa tuje kwenye kadi. Katika miji mingi mikubwa ya utalii mgeni huuziwa kadi moja inayomfungulia milango kadhaa. Paris wanayo ya makumbusho, ya saa 48, 96 au 144. London na New York wanazo zao. Unalipa mara moja, na saa zinaanza kuhesabiwa pale kadi inapoguswa mlango wa kwanza. Ukiingia sehemu nyingi, umepata nafuu. Ukichoka mapema, muuzaji ndiye aliyepata. Biashara nzima imesimama juu ya miguu ya mgeni.

Doha ina namna yake. Makumbusho makubwa ya mji yapo chini ya Qatar Museums, taasisi iliyoundwa mwaka 2005 na inayoongozwa na Sheikha Al Mayassa bint Hamad bin Khalifa Al Thani. Taasisi hiyo ina mpango wa uanachama, wenye punguzo la bei na nafasi kwenye shughuli zake. Kwa mgeni mtu mzima, kiingilio cha makumbusho makubwa kwa kawaida ni riyali 50 kila moja, na watoto hawalipi. Kwa vile riyali imefungwa kwenye dola kwa 3.64, hiyo ni karibu dola 14. Makumbusho matatu ni riyali 150, na hapo ndipo tiketi ya pamoja, au kifurushi cha basi la watalii na viingilio, huanza kuvutia. Mkazi wa Qatar, raia kwa mgeni, huonyesha kitambulisho chake cha ukaazi akaingia bure. Jambo hilo nitalirudia, kwa sababu linawahusu watu wetu wengi kuliko habari zote za kadi.

Ushauri wangu ni kwamba kadi isikupangie safari. Kadi yoyote ya matembezi, kwa asili yake, inakuongoza kwenye milango yenye bei, kwa sababu penye bei ndipo palipo na punguzo la kukuuzia. Na mlango ambao msomaji wa Kiswahili hapaswi kuukosa Doha hauna bei. Haumo kwenye hesabu ya mwenye kuuza kadi, kwa hiyo atakayemfuata muuzaji anaweza kuzunguka mji siku mbili nzima asiufikie.

Shuka Msheireb. Ni mtaa uliobomolewa karibu wote na kujengwa upya, una majengo meupe, vichochoro vyenye kivuli na tramu isiyotoza nauli. Ndani yake zimeachwa nyumba nne za zamani, zikakarabatiwa na kufunguliwa mwaka 2015 kwa jina la Makumbusho ya Msheireb. Radwani ni nyumba ya miaka ya 1920 inayoonyesha familia ilivyoishi kabla na baada ya umeme. Nyumba ya Mohammed bin Jassim inaeleza mtaa wenyewe na mageuzi yake. Company House ilikuwa makao ya kampuni ya kwanza ya mafuta, na inawakumbuka wafanyakazi waliochimba Dukhan, ambako mafuta yaligunduliwa mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuanza kusafirishwa nje mwaka 1949. Ya nne ni Bin Jelmood.

Bin Jelmood ilikuwa nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa. Leo ni makumbusho ya utumwa katika ulimwengu wa Bahari ya Hindi, jambo ambalo ni nadra katika nchi za Ghuba. Maelezo yanaanza mbali, utumwa katika dola za kale, yanateremka hadi kwenye majahazi na pepo za kaskazi na kusi, yanaingia Qatar yenyewe, yanafika kwenye kukomeshwa kwake, na hayaishii hapo: sehemu ya mwisho inazungumzia utumwa wa siku hizi, watu wanaouzwa na wanaofanyishwa kazi kwa nguvu duniani leo. Mtu anayetoka Kilwa, Bagamoyo au Ujiji, au aliyesimama kwenye vile vyumba vya chini vya Mkunazini, Zanzibar, atajua anatazama upande wa pili wa safari moja. Kule kwetu huonyeshwa walikopakiwa. Hapa ndipo waliposhushwa.

Sisi tumezoea kusimuliwa habari hii mpaka tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa, kisha kanisa likaanza kujengwa juu ya uwanja ule. Baada ya hapo kitabu cha shule hufunika ukurasa. Lakini waliokwishavuka bahari hawakurudi, na majahazi ya siri hayakukoma siku ile. Mwanahistoria Matthew Hopper, katika kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu utumwa wa Uarabuni, anaeleza kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 watu wenye asili ya Afrika walikuwa karibu asilimia 17 ya wakazi wa pwani ile kutoka Kuwait hadi Muscat. Waliletwa kwa sababu dunia ilitaka vitu viwili vya Ghuba: tende na lulu. Tende zilikuwa zikipakiwa meli hadi New York. Lulu zilikuwa zikivaliwa Paris, Bombay na London. Kwa hiyo kijana aliyetekwa karibu na Ziwa Nyasa alijikuta akizama baharini, pua imebanwa kwa kibanio na jiwe limefungwa mguuni, ili bibi mmoja asiyemjua apate mkufu, na pato la kuzama kwake likaenda kwa bwana wake.

Halafu lulu zilianguka. Mdororo wa uchumi wa mwaka 1929 na lulu za kufugwa za Wajapani viliua soko ndani ya miaka michache, na Ghuba ikaingia kwenye njaa. Yalipokuja mafuta, baadhi ya watumwa walipelekwa kufanya kazi kwenye kampuni, wakapokea mshahara na kumkabidhi bwana sehemu yake. Qatar ilikomesha utumwa mwaka 1952, wakati wa Sheikh Ali bin Abdullah Al Thani, na waliolipwa fidia walikuwa wamiliki. Zanzibar hali ya kisheria ya utumwa iliondolewa mwaka 1897, Kenya mwaka 1907, Tanganyika mwaka 1922. Mtoto aliyezaliwa mtumwa Doha mwaka 1940 anaweza kuwa hai leo, akiwa na wajukuu na kitambulisho cha uraia. Wengi walibaki na kuwa Waqatari. Ngoma za leiwah, zenye zumari na midundo ambayo mtu wa Mombasa au Tanga ataitambua kabla ya kuambiwa, bado zinachezwa Ghuba, na katika nyimbo zake yamesalia maneno ya Kiswahili.

Anayetaka kufuatilia zaidi hahitaji kupanda ndege. Maktaba ya Taifa ya Qatar na British Library waliungana na kuweka kwenye intaneti, tangu mwaka 2014, nyaraka za ofisi za Waingereza za Ghuba. Ndani yake yamo maombi ya watumwa waliotoroka na kufika kwa wakala wa Kiingereza Bahrain, Sharjah au Muscat kuomba hati ya uhuru: mtu anataja alikozaliwa, alivyotekwa, aliuzwa kwa nani. Zinasomwa bure. Nadhani mwalimu yeyote wa historia wa sekondari aliye na simu na kifurushi angepaswa kuwasomesha wanafunzi wake hati moja ya namna hiyo kabla hajawafundisha jina la mkataba wowote.

Kabla ya kutoka katika nyumba hizi, inua macho utazame dari. Miti ile myembamba, myeusi, iliyopangwa sambamba ni mikoko. Ni boriti, kama zile za Lamu na Mji Mkongwe, na zilitoka pwani yetu. Majahazi ya Ghuba yalikuja na kaskazi yakiwa na tende, chumvi, samaki wakavu na mazulia, yakasubiri, yakaingia Lamu au kwenye vijito vya delta ya Rufiji kukata na kupakia miti, yakarudi na kusi. Baharia Mwaustralia Alan Villiers alisafiri na jahazi la Kikuwaiti mwaka 1938 hadi 1939 na kuishuhudia kazi hiyo Rufiji kwa macho yake. Vyumba vya zamani vya Doha ni vyembamba kwa sababu ile ile inayovifanya vyumba vya Lamu kuwa vyembamba: urefu wa boriti ndio upana wa chumba. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982, wakati ambapo saruji na vyuma vilikuwa vimekwisha kuchukua nafasi yake Uarabuni. Hata Souq Waqif, iliyorejeshwa katika sura ya zamani miaka ya 2000, imeezekwa kwa mtindo huo, na watalii hupita chini yake kila jioni wakinywa chai ya karak bila kujua msitu uliolipa gharama.

Baada ya Msheireb, basi, milango yenye kiingilio. Wa kwanza ni Makumbusho ya Taifa ya Qatar, na ukiwa na pesa ya mlango mmoja tu, uingie huu. Yana kituo chake kwenye njia ya Dhahabu. Jengo lilibuniwa na Mfaransa Jean Nouvel na kufunguliwa Machi 2019. Ni masahani makubwa yaliyoingiliana, mfano wa yale mawe ya jasi na mchanga ya jangwani yenye umbo la ua. Ndani kuna kumbi 11 na mwendo wa karibu kilomita moja na nusu, kwa hiyo vaa viatu vya kutembelea. Katikati ya yote kumebaki kasri ya zamani ya Sheikh Abdullah bin Jassim Al Thani, ambayo iligeuzwa makumbusho ya kwanza ya taifa mwaka 1975. Nimependa uamuzi huo. Jengo jipya limeikumbatia nyumba ya kale bila kuifunika, na mtu anayemaliza kutembea hutokea kwenye ua wa watu walioishi.

Kitu cha kusimama nacho humo ni zulia la Baroda. Lilitengenezwa India mwaka 1865 hivi kwa amri ya mtawala wa Baroda, likashonewa lulu ndogo zaidi ya milioni moja za Ghuba, pamoja na almasi, yakuti na zumaridi. Inaelezwa kwamba lilikusudiwa kupelekwa Madina, kwenye kaburi la Mtume, lakini mtawala alifariki na zulia halikwenda. Mwaka 2009 liliuzwa kwenye mnada hapo hapo Doha kwa karibu dola milioni 5.5. Ukitoka Bin Jelmood ukaja kulitazama zulia hili, utaona lulu zake kwa jicho jingine. Mgeni anayeanza hapa huona utajiri. Anayeanza kule hujiuliza nani alizama. Hiyo ndiyo sababu kubwa ninayosisitiza mpangilio wa safari.

Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu yapo ufukweni, mwendo mfupi kutoka hapo. I. M. Pei, mbunifu wa ile piramidi ya kioo ya Louvre, aliitwa akiwa mzee aliyekwisha kustaafu. Alizunguka nchi za Kiislamu akitafuta umbo, akalipata kwenye birika la kutawadhia la msikiti wa Ibn Tulun, Cairo. Akaomba jengo liwekwe kwenye kisiwa cha kutengenezwa ili lisije kuzibwa na maghorofa ya baadaye. Lilifunguliwa mwaka 2008, likakarabatiwa, likafunguliwa tena Oktoba 2022. Misahafu, vyuma vya kupimia nyota, mazulia, vyungu, silaha, vioo: hazina ya miaka 1,400. Msomaji wa pwani ataona mengi anayoyafahamu kwa mbali, maana biashara iliyoleta vyombo vya China kwenye majumba ya Uarabuni ndiyo iliyovileta Gede na Kilwa, na kuvipachika kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi. Nje, mwisho wa bustani, kuna mnara wa vyuma wa Richard Serra uliosimikwa mwaka 2011. Kuutazama hakulipiwi, wala mandhari ya ghuba na maghorofa ya West Bay ng'ambo ya maji.

Mlango wa tatu ni wa wapenda michezo, na Waafrika Mashariki tuna haki ya kuringa ndani yake. Makumbusho ya Olimpiki na Michezo ya Qatar, yaitwayo 3-2-1, yalifunguliwa Machi 2022 ndani ya Uwanja wa Khalifa, kituo cha Sport City kwenye njia ya Dhahabu. Yana mienge ya Olimpiki na ukumbi mzima wa wanariadha wakubwa wa dunia. Lakini uwanja wenyewe, ulio mbele ya madirisha yake, ndio makumbusho yetu. Hapa yalifanyika Mashindano ya Dunia ya Riadha ya mwaka 2019. Hellen Obiri alitetea taji lake la mita 5,000. Joshua Cheptegei alichukua mita 10,000, Timothy Cheruiyot mita 1,500, Beatrice Chepkoech kuruka viunzi na maji. Conseslus Kipruto alimshinda Lamecha Girma wa Ethiopia kwa mia moja ya sekunde, mwili mzima ameurusha mbele. Na Halimah Nakaayi wa Uganda alishinda mita 800 kwa dakika 1:58.04, kisha akacheza ngoma ya kwao pamoja na Winnie Nanyondo, palepale kwenye njia ya mbio, mbele ya dunia.

Kuna hadithi nyingine hapo, nzito kidogo. Mwaka 2003 kijana Mkalenjin aliyeitwa Stephen Cherono alichukua uraia wa Qatar, akabadili jina na kuwa Saif Saaeed Shaheen, na mwaka ule ule akashinda dunia Paris katika kuruka viunzi na maji akiivalia nchi mpya, mbele ya Wakenya wenzake. Mwaka uliofuata, Brussels, akaweka rekodi ya dunia ya 7:53.63, na rekodi hiyo haikuvunjwa hadi Juni 2023. Kenya ilikasirika wakati ule. Mimi simlaumu. Alitoka nyumba isiyo na kitu, akauza alichokuwa nacho, nacho kilikuwa miguu yake. Na tofauti yake na wale wa kwenye kuta za Bin Jelmood ni kwamba yeye aliulizwa bei.

Mengine nitayataja kwa ufupi. Mathaf, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya Waarabu yaliyofunguliwa Desemba 2010, yanamfaa mpenda uchoraji mwenye nafasi. Maktaba ya Taifa, kazi ya Rem Koolhaas, haina kiingilio na ni jengo la kustaajabisha. Al Zubarah, mji wa wavuvi wa lulu uliofukiwa na mchanga kaskazini-magharibi, umo kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2013, lakini unahitaji gari na siku yake. Kumbuka pia kwamba Ijumaa makumbusho hufunguliwa baada ya swala, na kwamba kuanzia Juni hadi Septemba jua la mchana hupita nyuzi 40. Matembezi yapangwe asubuhi au jioni.

Hesabu, kwa hiyo, ni hii. Mwenye saa sita kati ya ndege mbili hahitaji kadi yoyote: metro, Bin Jelmood na nyumba jirani zake, Souq Waqif kwa miguu, kisha mlango mmoja wa kulipia. Mwenye siku moja aongeze Sanaa ya Kiislamu na alipe mlangoni. Anayekaa siku mbili au zaidi, na ana hakika atafika makumbusho matatu au manne ya kulipia, ndipo aulize tiketi ya pamoja na kulinganisha bei zake na jumla ya viingilio vya sehemu alizokwisha kuziorodhesha mwenyewe. Orodha kwanza, kadi baadaye.

Lakini kundi kubwa kuliko abiria wote hao ni watu wetu wanaoishi Qatar. Ni walinzi wa majengo, madereva, wahudumu wa hoteli, wauguzi, wafanyakazi wa nyumbani. Tangu Machi 2021 mshahara wa chini kisheria ni riyali 1,000 kwa mwezi, na pale mwajiri asipotoa malazi na chakula huongeza 500 na 300. Kwa mtu wa mshahara huo, riyali 50 za kiingilio zingekuwa sehemu ya ishirini ya mwezi. Ila hazimhusu. Kitambulisho chake cha ukaazi kinamwingiza bure kwenye makumbusho ambayo mtalii wa Ulaya hulipia. Sheria Na. 15 ya mwaka 2017 inampa mfanyakazi wa nyumbani siku moja ya mapumziko kila wiki. Wapo wanaonyimwa ofu hiyo, na hilo ni dhuluma ya kushitakiwa, wala makumbusho si dawa yake. Wapo wanaoipata, na hao wengi huimalizia kulala, kufua, kutuma pesa na kuongea na watoto kwa simu, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ile milango yenye ulinzi na marumaru ni yao pia. Wakati mwingine aliyesimama mlangoni na sare ni jirani yao wa Kisumu au Mbale.

Nawaambia hao: dada zetu, kaka zetu, ndiyo, ni yenu. Ijumaa moja jioni, chukueni metro kwa riyali 2 mpaka Msheireb, ingieni Bin Jelmood, msome polepole. Mtu anayefahamu kwamba babu zake walijenga uchumi wa mji huu kwa kuzama baharini na kupanda mitende ya wengine, na kwamba dari za mji huu zilitoka kwao, huitazama ajira yake, mkataba wake na haki zake kwa namna tofauti. Nani mwenye haki zaidi ya kuisoma habari hiyo?

Na hapa nina ombi, kwa wenye mamlaka ya kulitimiza. Maelezo ya Bin Jelmood yameandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza. Lugha ambayo wengi wa wale waliovushwa walipitia njiani, na ambayo leo inazungumzwa na maelfu ya wafanyakazi wanaoishi dakika chache kutoka mlango ule, ni Kiswahili. UNESCO imekipa siku yake, tarehe 7 Julai. Balozi za Tanzania na Kenya zipo Doha. Makumbusho ya Taifa ya Tanzania, Makumbusho ya Taifa ya Kenya na idara ya makumbusho ya Zanzibar zina wataalamu wanaoijua historia hii kwa kina na wanaoweza kuiandika. Waketi na wenzao wa Msheireb, watayarishe maelezo ya kusikiliza kwa simu na kijitabu kimoja cha Kiswahili, viwekwe mlangoni, bure kama nyumba yenyewe ilivyo bure. Kazi hiyo haihitaji jengo jipya wala fedha nyingi, na ianze kabla ya Julai ijayo.